Siku Mwalimu Kinyonga Alipoongeza Ada

Mpo?

Tupo.

Mmekaa mkatulia?

Tumekaa, tumetulia.

Nimwage au nifunike?

Mwaga, tuokote.

Basi hapo kale, kale sana, wakati wanyama wote walikuwa wanajua kunyonga baiskeli, palikuwa na nchi moja iliyokatwa katikati na kilima. Upande huu wa kilima kulikuwa na majani na maji. Upande wa pili kulikuwa na chumvi na dawa. Anayetaka chumvi, apande kilima. Anayetaka dawa, apande kilima. Njia nyingine hakuna.

Kilima chenyewe kiliitwa Kata Pumzi, na kilikuwa na kona tatu. Kona ya kwanza ilitoa jasho. Kona ya pili ilitoa machozi. Kona ya tatu ndipo wengi walipoishia, wakageuza baiskeli, wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Upande huu wa kilima aliishi Nungunungu. Alikuwa mama wa watoto wawili, na kazi yake ilikuwa kubeba chumvi. Anafunga kikapu kwenye keria, anapanda Kata Pumzi, anashuka, anarudi na chumvi. Majirani wanachukua chumvi, wanampa viazi na mihogo. Ndivyo alivyolea wanawe.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, homa ikamlaza Nungunungu. Ilimlaza mpaka mvua zikaisha. Ilipomwachia, ilimwachia mifupa yake na miiba yake, lakini pumzi ilikuwa imeondoka nayo.

Akawa akitoka na baiskeli, kwenye kona ya kwanza tu anashuka, anasukuma. Wenzake wanampita wakipiga kengele. "Mama, kaa pembeni." Anakaa pembeni. Anarudi nyumbani bila chumvi. Watoto wa mbeba chumvi wakawa wanakula mboga isiyo na chumvi, na hawakusema kitu, na kule kutosema ndiko kulikomuuma zaidi.

Jirani yake Kanga akamwambia, "Shoga, kwa nini huendi kwa Kinyonga?"

"Kinyonga yupi?"

"Yule wa pangoni. Anafundisha kunyonga."

Nungunungu akadhani anataniwa. Kinyonga huyu ambaye hatua moja anaifikiria mara tatu, ndiye afundishe watu baiskeli? Lakini Kanga hakuwa anacheka. Basi kesho yake akaenda.

Akafika pangoni, akabisha hodi, akakaribishwa. Mle ndani akaona baiskeli zimepangwa, kila moja imeinuliwa juu ya magogo mawili yenye panda, gurudumu la nyuma haligusi chini. Unapanda, unanyonga, gurudumu linazunguka, na wewe uko palepale. Mbele ya kila baiskeli kuna kijiti, na juu ya kijiti amekaa kinyonga. Alikuwapo Mwalimu Kinyonga mwenyewe, alikuwapo mkewe, walikuwapo wadogo zake na wanawe wakubwa. Kila mwanafunzi na kinyonga wake.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Nungunungu.

"Marahaba, mwanangu. Panda."

Akapanda. Mwalimu Kinyonga akamkodolea, jicho moja kwenye miguu yake, jicho la pili kwenye kifua chake. Macho yake yalikuwa hayaangalii pamoja, na ndiyo maana yalikuwa yanaona yote. Kisha akageuka rangi ya kijani.

"Ukiniona kijani, nyonga taratibu, uweze kuzungumza. Ukiniona manjano, kaza mguu. Ukiniona nyekundu, toa ulicho nacho chote, usishuke."

Mwezi wa kwanza, Nungunungu aliona kijani tu. Leo kijani, kesho kijani. Wengine wananyonga manjano, wengine nyekundu, wanatoka jasho mpaka sakafu inateleza. Yeye kijani. Siku moja akaona aibu, machozi yakamlengalenga.

"Mwalimu, mimi sitapata manjano?"

"Kifua chako kimetoka ugonjwani," akasema Mwalimu Kinyonga. "Hakidanganyiki. Kijani."

Mwezi wa pili akapata manjano. Mwezi wa tatu akapata nyekundu. Na alipokuwa akinyonga alijitungia wimbo wake, na nyinyi mtaitikia "zunguka":

Gurudumu langu we, zunguka,
Kijani nivute pumzi, zunguka,
Manjano nikaze mguu, zunguka,
Nyekundu mimi sishuki, zunguka.

Halafu siku moja akafunga kikapu kwenye keria, akaenda kwenye kilima chenyewe. Kona ya kwanza akapita. Kona ya pili akapita. Kona ya tatu akainuka kwenye kiti, akanyonga huku miiba inagongana, akapita. Akafika juu. Akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akakaa chini. Huku anaona nyumbani kwake, moshi unatoka jikoni. Kule anaona chumvi inang'aa. Akalia, maana hakuwa na mtu wa kuzungumza naye pale juu.

Jioni ile watoto wake walilamba masufuria.

Sasa sikilizeni habari ya ada. Mwalimu Kinyonga alikuwa anatoza ada kila mwezi unapoandama. Kila mwanafunzi alete kikapu kimoja cha panzi. Ilikuwa hivyo tangu pango lilipofunguliwa, na hakuna aliyekumbuka ikiwa vingine.

Mwezi ukaandama. Wanafunzi wakaja na vikapu vyao kama kawaida. Alikuja Kanga, alikuja Kobe, alikuja Ngiri, alikuja Nungunungu, wakajaa mlangoni. Mwalimu Kinyonga akatoka, akapanda kijiti chake, akasema:

"Jamani, kuanzia leo ada ni vikapu viwili."

Maneno yakaanza.

Ngiri ndiye aliyetangulia. Ngiri alikuwa bwana mwenye kifua kipana, na sauti yake ilitoka na vumbi. "Vikapu viwili? Leo hii, nami nimesimama hapa na kikapu kimoja mkononi?"

"Leo hii," akasema Mwalimu Kinyonga.

"Kwa kazi gani? Wewe hata pedali hukanyagi. Sisi ndio tunaotoka jasho. Wewe unakaa juu ya kijiti, unabadilisha nguo."

Wengine wakacheka. Wengine wakanung'unika pamoja naye.

Kobe akasema polepole, "Bwana Ngiri, mimi kabla ya kuja hapa baiskeli ilikuwa inanibwaga chali juani, nashindwa hata kugeuka. Sasa naenda kwa dada yangu na kurudi. Vikapu viwili ni vingi, lakini nitavitafuta."

Kanga akasema, "Mimi nitaleta. Sipendi, ila nitaleta. Nilikuja hapa nachechemea."

Ngiri akatema mate pembeni. "Leteni. Mimi simletei mtu chakula cha kukaa bure." Akabeba kikapu chake, akaondoka, na wengi wakamfuata.

Nungunungu alisimama na kikapu chake. Kwake yeye, kikapu kimoja tu kilikuwa shughuli. Panzi wanasikia miiba yake inalia chaka-chaka kwenye majani, wanaruka kabla hajafika. Kikapu kimoja alikuwa anakijaza kwa mwezi mzima. Viwili angevijaza vipi? Akaweka kile kimoja chini, akaaga, akaenda zake.

Siku ya kwanza akajiambia, "Basi, niache. Nimeshapona, nitanyonga mwenyewe." Akanyonga mwenyewe. Lakini peke yake hakujua lini kukaza, lini kulegeza. Alikaza mapema, akaishiwa kwenye kona ya pili, kikohozi cha ile homa kikamrudia. Akarudi akisukuma.

Siku ya pili akasikia ngoma. Kumbe siku ile mlangoni, nyuma ya watu, Tumbili alikuwa amekaa anajikuna, anasikiliza. Alisikia lile neno la Ngiri, kwamba Kinyonga anakaa tu juu ya kijiti. Tumbili akafikiri, "Kukaa juu ya kijiti mbona ndiyo kazi niliyozaliwa nayo." Akainua baiskeli juu ya magogo chini ya mti wake. Akapondaponda udongo mwekundu, akapondaponda manjano ya kupikia, akapondaponda majani, akaweka kwenye vifuu vitatu. Akatangaza: kwa Tumbili ni nusu kikapu.

Nungunungu akaenda kujaribu, maana nusu kikapu angeiweza. Akamkuta Ngiri pale, na wengine wengi, wamefurahi. Akapanda baiskeli. Tumbili akajipaka majani kidogo, papo hapo akajipaka manjano, papo hapo akajimwagia udongo mwekundu, akaruka juu na chini.

"Hodari huyo. Umefika kileleni. Shuka upumzike."

Nungunungu akashuka. Akajigusa kifua. "Ndugu yangu, mbona sijachoka?"

"Huo ndio uzuri wa kwangu," akasema Tumbili. "Kwangu hachoki mtu."

Ngiri akacheka kutoka kwenye baiskeli yake. "Mama Nungu, kaa na sisi. Mimi tangu nije hapa nimefika kileleni mara ngapi sijui."

Nungunungu akamshukuru Tumbili kwa adabu, akaondoka. Njiani alikuwa anawaza. Alitamani sana liwe kweli, lakini kifua chake kilikuwa kimemwambia jambo jingine.

Siku ya tatu akaenda pangoni. Hakubeba kitu. Akamkuta Mwalimu Kinyonga peke yake kwenye kijiti, na baiskeli nyingi hazina watu.

"Mwalimu, nimekuja kusema ukweli," akasema. "Kikapu cha pili sina. Sikatai kutoa, sina. Na sitaki kuondoka kama mwizi, nikapita mbali nisikuone. Umenirudishia pumzi. Wanangu wanakula chumvi kwa sababu yako. Nimekuja kukuambia hilo, hata kama leo ndiyo mwisho."

Mwalimu Kinyonga akasogea mbele kwenye kijiti. Kisha akasema, "Niangalie, mwanangu. Nitakuonyesha nyekundu."

Akajikaza. Akajikaza tena. Rangi ikatoka, lakini haikuwa nyekundu. Ilikuwa kama tofali lililolowa mvua nyingi.

"Hiyo ndiyo nyekundu yangu sasa," akasema. "Rangi yetu inatoka tumboni. Mwaka huu jua limekausha majani, na panzi mnaoleta ni miguu mitupu. Kikapu ni kilekile, shibe si ileile. Na kila mvua inaponyesha, kilima kinabadilika. Lazima mmoja wetu akipande, kona kwa kona, aone jiwe lipi limehama, ili yule aliyeko hapa anyonge kilima kilichopo, asinyonge kilichokuwapo zamani. Unajua mwendo wetu. Anayekwenda hukaa huko siku nyingi, na anahitaji kula. Nikiacha kuwatuma, nitakuwa ninawadanganya. Nilichelewa kuongeza kwa kuwaonea huruma. Mke wangu ameanza kuwa kijivu mchana kutwa."

Nungunungu akasikia uchungu. Kisha akasema, "Mwalimu, nikikuambia neno hutakasirika?"

"Sema."

"Kuongeza si kosa. Kosa ni kutuambia tukiwa tumeshasimama mlangoni na kikapu kimoja mkononi. Na hukutueleza haya unayonieleza. Ungetuambia mwezi uliopita, ungetuonyesha rangi hii, tungejipanga. Bwana Ngiri ana mdomo, lakini siku ile alikuwa na haki ya kushtuka."

Mwalimu Kinyonga akateremsha macho yote mawili, jambo ambalo kinyonga halifanyi mara nyingi. "Umesema kweli," akasema. "Niliona aibu kuomba, nikaamrisha."

Halafu Nungunungu akauliza, "Hivi mchwa mnakula?"

"Mchwa?" Ulimi wa Mwalimu Kinyonga ukamchomoka wenyewe. "Mwanangu, mchwa kwetu ni sikukuu. Lakini nani atavunja kichuguu? Kigumu kama jiwe."

"Mimi," akasema Nungunungu. "Panzi wananikimbia. Kichuguu hakikimbii."

Na kweli, kuchimba ndiko alikokujua Nungunungu tangu utotoni. Kesho yake akachimba, akaleta kikapu cha mchwa wanono, wanateleza kwa mafuta. Mama Kinyonga alikula watatu wanne, akafumba macho, na palepale mkia wake ukaanza kurudi kijani. Mwalimu akatuma neno kwa wanafunzi wote, akawaeleza sababu, akawaomba radhi kwa kuwashtukiza. Akasema mwenye vikapu viwili alete viwili, asiye navyo aje wazungumze. Kanga akaleta viwili. Kobe akaleta kimoja na nusu, ile nusu akaimalizia mwezi ulipofika katikati. Waliokuwa wameondoka, baadhi wakarudi. Ngiri hakurudi.

"Msalimieni bwana mwenye nguo nyingi," akasema. "Na yule mama anayemchimbia mchwa, mwambieni huku tunafika kileleni kwa nusu kikapu."

Nungunungu aliambiwa maneno yale. Yalimchoma, lakini akaendelea kunyonga:

Gurudumu langu we, zunguka,
Kijani nivute pumzi, zunguka,
Manjano nikaze mguu, zunguka,
Nyekundu mimi sishuki, zunguka.

Mvua za vuli zikaja, zikaja kwa nguvu. Mdogo wake Kinyonga akapanda kilima kwenda kutazama, akarudi, akasema, "Kona ya tatu imeharibika. Njia ya nje imeporomoka. Ya ndani ipo, lakini imejaa changarawe." Basi pangoni mafunzo yakabadilika. Zamani kwenye kona ya tatu walikuwa wanaonyeshwa nyekundu. Sasa Mwalimu akawaonyesha manjano.

"Hapo msitumie nguvu," akasema. "Mkikanyaga kwa nguvu gurudumu litateleza. Nyekundu yenu iwekeni, mtaitumia mkishapita changarawe."

Wakanyonga hivyo kila siku, mpaka miguu ikazoea.

Hazikupita siku nyingi, watoto wa Ngiri wakaugua. Walikuwa wanne, wote wakashikwa na koo kwa pamoja. Koo zikavimba, maji hayapiti, sauti hazitoki. Dawa ya koo ilikuwa kwa Kakakuona, mganga wa upande wa pili wa kilima.

Asubuhi Ngiri akachukua baiskeli yake. Mkewe akamwambia, "Mume wangu, tumwombe anayekijua kilima." Ngiri akasema, "Mimi ni baba yao. Na kileleni nimeshafika mara nyingi." Akaondoka mbio.

Kona ya kwanza aliipita kwa kishindo. Kona ya pili akaona kifua kinawaka, akashangaa, maana kwa Tumbili hakuwahi kuona kitu kama hicho. Alipofika kona ya tatu akasema, "Hapa ni nyekundu," akakanyaga kwa nguvu zake zote. Gurudumu likateleza kwenye changarawe, baiskeli ikaenda huku, Ngiri akaenda kule. Alipoinuka, gurudumu la mbele lilikuwa limepinda kama pembe zake.

Jua likapanda, Ngiri hakurudi. Mama Ngiri akakimbia mpaka kwa Nungunungu, hana hata kitambaa kichwani.

"Jirani, naona aibu kusimama mlangoni kwako. Najua maneno ya mume wangu yamekufikia. Lakini wanangu hawamezi, na baba yao hajarudi."

Nungunungu alikuwa anamenya mihogo. Yale maneno aliyakumbuka, jamani, hakuwa jiwe. Aliyakumbuka wakati ananawa mikono, aliyakumbuka wakati anajaza upepo kwenye tairi. Lakini pia aliwakumbuka wanawe wakila mboga bila chumvi bila kusema kitu. Hawa wa Ngiri hata wangetaka kusema wasingeweza.

"Rudi ukakae na wanao," akasema. "Ninakwenda."

Akanyonga. Kona ya kwanza kijani, akavuta pumzi. Kona ya pili manjano, akakaza mguu. Kona ya tatu akamkuta Ngiri amekaa pembeni, vumbi na damu mdomoni, baiskeli iko mapajani.

Akataka kusimama. Ngiri akainua mkono. "Pita," akasema. "Usinisimamie mimi. Watoto."

Nungunungu akapita. Akaingia njia ya ndani, changarawe zinalia chini ya gurudumu. Miguu ilitaka kukaza, hofu ilitaka kukaza. Akaiona ile rangi ya manjano kichwani mwake kama vile Mwalimu yuko mbele yake kwenye usukani. Akaimba kwa sauti ndogo:

Gurudumu langu we, zunguka,
Manjano nikaze mguu, zunguka.

Changarawe zikaisha. Ndipo akatoa nyekundu yake yote, akafika juu, akashuka upande wa pili kama jiwe lililoachiwa.

Kakakuona alimpokea, akamfungia dawa kwenye jani la mgomba. Akamtazama. "Leo hakuna aliyepita kona ya tatu. Wewe umepitaje?"

"Nina mwalimu," akasema Nungunungu. Hakuwa na pumzi ya kusema zaidi.

Akarudi. Ngiri alikuwa ameshateremka kwa miguu, amebeba baiskeli yake iliyopinda. Wakafuatana, wakafika nyumbani kwa Ngiri jua bado lipo. Wakawanywesha watoto, tone kwa tone. Wa kwanza akameza. Wa pili akameza. Wa tatu akameza. Yule wa nne, mdogo wao, hakumeza. Dawa ikarudi mdomoni. Mama Ngiri akageuza uso. Nungunungu akampakata yule mtoto, akijitahidi miiba isimguse, akamsugua koo taratibu, akamtia tone moja, akangoja. Akamtia jingine. Mtoto akameza. Kisha akapiga kelele za njaa, na hakuna aliyemkataza.

Na Tumbili? Mvua ilimkuta akiwa anajipaka mbele za watu. Udongo mwekundu ukateremka, manjano yakateremka, majani yakateremka, akabaki tumbili wa kijivu amekaa juu ya kijiti. Wanafunzi wake wakamtazama, wakachukua vikapu vyao, wakaenda. Hakuna aliyempiga. Hadi leo tumbili akimwona mtu na kikapu humfuata nyuma kwa mbali, akitumaini.

Mwezi ukaandama. Wanafunzi wakajaa tena mlangoni kwa Kinyonga. Nungunungu alikuwapo na panzi wake na mchwa wake. Wakamwona Ngiri anakuja, na mkewe, na watoto wanne nyuma yake, mikia juu. Ngiri amebeba vikapu viwili, mkewe amebeba viwili.

Watu wakampisha. Akafika mbele ya kijiti. Akaweka vikapu chini. Basi akapiga magoti. Magoti ya mbele yakagusa ardhi, pua ikagusa majani.

"Mwalimu," akasema akiwa chini vilevile, "nilisema unakaa bure. Kumbe ulipokuwa umekaa pale, wanangu walikuwa mkononi mwako, nami sikujua. Asante. Na wewe, mama, asante. Vikapu hivi si malipo ya hilo. Hilo halina malipo."

Nungunungu akatazama chini. Mwalimu Kinyonga akasema, "Inuka, Bwana Ngiri. Hata mimi nilikosea namna ya kusema. Inuka, upande baiskeli. Utaanza na kijani."

Ngiri hakuinuka mara moja. Akawageukia wanawe akawaambia, "Hivi nilivyo, ndivyo mtakavyokula kuanzia leo. Kabla hujatia kitu mdomoni, piga magoti, umkumbuke aliyekuwezesha kumeza."

Wale watoto wakapiga magoti palepale, wakala majani ya mlangoni kwa Mwalimu. Wakakua, wakawafundisha watoto wao, nao wakawafundisha wao. Na wewe ukimwona ngiri anakula, mtazame vizuri. Anapiga magoti mpaka leo.

Ngano hii inatufundisha kwamba kazi ya mtu usiipime kwa jasho unaloliona tu, kwa maana kuna jasho analolitoa huko usikofika. Akiomba zaidi, muulize sababu kabla ya kumtukana. Ukiwa huna, sema huna. Na wewe unayeomba, omba mapema na ueleze. Aliyekufaa mshukuru angali anasikia.

Mimi maneno yangu yameniishia mdomoni. Yaliyobaki yako masikioni mwenu, nendeni nayo salama.